Lynch: Kampuni Iliujenga, Watu Wakaurithi

Mwaka 1910 kaunti ya Harlan, kusini mashariki mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, ilikuwa na wakazi wapatao 10,500. Wengi wao walilima mahindi na kufuga nguruwe katika mabonde membamba ya milima ya Appalachia, na mtu wa huko angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila kuona garimoshi. Mwaka uliofuata reli ikafika. Kufikia mwaka 1940 kaunti hiyo hiyo ilikuwa na watu wapatao 75,000.

Kilichowavuta kilikuwa tumboni mwa milima, nacho ni makaa ya mawe. Kambi kubwa kuliko zote zilizowapokea ni Lynch, mji ulio chini ya Black Mountain, mlima mrefu kuliko yote Kentucky wenye kimo cha futi 4,145, yaani kama mita 1,263, karibu na mpaka wa Virginia. Kijito cha Looney Creek kinapita katikati. Bonde ni jembamba, na ilibidi reli, barabara, kijito na nyumba vigawane ukanda mmoja wa ardhi tambarare. Nyumba zilizokosa nafasi zikapandishwa mlimani.

Mwaka 2017 mji huo ulitimiza miaka 100. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne hiyo hakuna mkazi hata mmoja aliyekuwa na hati ya nyumba aliyolala. Nyumba, duka, hospitali, shule, umeme, maji na askari wa doria vyote vilikuwa vya kampuni. Hata hivyo, leo ukiuliza Lynch ni ya nani, jibu halipatikani katika daftari la kampuni yoyote. Historia hii inaeleza jinsi mambo yalivyofika hapo.

Chuma kilihitaji makaa

Mwaka 1901 tajiri wa benki J. P. Morgan aliunganisha viwanda vya Andrew Carnegie na vya wengine, akaunda United States Steel, kampuni ya kwanza duniani kuwa na mtaji uliozidi dola bilioni moja. Kampuni ya ukubwa huo haikutaka kununua malighafi sokoni kama mteja wa kawaida. Ilitaka kumiliki migodi ya chuma, meli, reli na makaa.

Si kila makaa hufaa kwa kazi ya chuma. Makaa yanayofaa hutiwa kwenye tanuri na kuokwa bila hewa, mpaka gesi na lami zitoke na kubaki koki, kitu kigumu kinachowaka kwa joto kali, ambacho ndicho huyeyusha mawe ya chuma. Ili koki iwe nzuri, makaa yenyewe yawe na salfa kidogo na majivu kidogo. Makaa ya Black Mountain yalikuwa hivyo.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, mahitaji ya chuma yalipanda ghafla. Mwaka huo huo U.S. Coal and Coke, kampuni tanzu ya U.S. Steel, ilinunua maelfu ya ekari kandokando ya Looney Creek na kuanza kujenga. Mji ukapewa jina la Thomas Lynch, rais wa kwanza wa kampuni hiyo tanzu, aliyefariki mwaka 1914 na ambaye alisifika kwa kusisitiza usalama migodini. Makaa yaliyotoka Lynch yalisafirishwa kwa reli kwenda kwenye tanuri za Gary, Indiana, mji mwingine uliojengwa na U.S. Steel kando ya Ziwa Michigan kuanzia mwaka 1906 na kupewa jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Mwenye mali alikuwa mmoja: mji wa mlimani ulichimba, mji wa ziwani ukayeyusha.

Lynch haikuwa peke yake bondeni. Mwendo mfupi tu kuteremka kijito, kampuni ya zana za kilimo ya International Harvester ilikuwa tayari imejenga kambi yake ya Benham. Chini zaidi ulikuwapo mji wa Cumberland, ambao haukuwa wa kampuni yoyote, na ndiko wachimbaji walikokwenda walipotaka kununua kitu au kunywa kinywaji bila macho ya mwajiri kuwafuata.

Mawe ya Waitaliano, mbao za haraka

Ujenzi mkubwa ulifanyika kati ya mwaka 1917 na 1925. Majengo ya umma yalijengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochongwa na mafundi kutoka Italia, na baadhi yao wakabaki na kuingia mgodini kazi ya uashi ilipokwisha. Kulikuwa na posta, hoteli, hospitali, ukumbi wa sinema, kituo cha reli, makanisa, shule, bafu kubwa la wachimbaji, nyumba ya kugawia taa, na duka la ghorofa ambalo wenyeji waliliita tu Duka Kubwa. Makazi yalikuwa ya mbao, mengi yake nyumba pacha zilizokaliwa na familia mbili zikitenganishwa na ukuta mmoja. Majengo yote pamoja yalifika kama 1,000.

Kando ya reli palisimama mtambo mkubwa wa kuchekecha na kupakia makaa, ambao zama zake ulihesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani. Tarehe 12 Februari 1923, wachimbaji wa Lynch wakitumia mashine 40 za kukatia makaa walitoa zaidi ya tani 12,000 katika zamu moja ya saa tisa. Ilikuwa rekodi ya dunia, na mpaka leo imeandikwa kwenye kibao cha kumbukumbu kilichowekwa na serikali ya jimbo.

Katika miaka ya 1940 watu wapatao 10,000 waliishi Lynch. Kibao hicho hicho kinataja mataifa 38.

Walikotoka

Kampuni iliwachukua watu wa aina tatu. Wa kwanza walikuwa wenyeji wa milimani, Wazungu waliouza mashamba yao, au waliokuta babu zao walishauza haki ya madini kwa bei ya kutupa. Wa pili walikuwa wahamiaji kutoka Italia, Hungary, Poland na nchi za Waslavi, wengi wao wakipokelewa bandarini New York na kupelekwa moja kwa moja migodini. Sheria za uhamiaji za mwaka 1921 na 1924 zilipofunga mlango huo, kampuni ikategemea zaidi kundi la tatu: Wamarekani weusi kutoka Kusini, hasa Alabama.

Hili halikuwa jambo la bahati. Tangu mwaka 1907 U.S. Steel ilimiliki kampuni ya Tennessee Coal, Iron and Railroad, yenye migodi karibu na Birmingham, Alabama. Huko wanaume weusi walikuwa wanazijua kazi za mgodini, na wengi wao walizijua kwa uchungu. Jimbo la Alabama lilikuwa likikodisha wafungwa kwa wenye migodi, na mtu mweusi angeweza kukamatwa kwa kosa la uzururaji na kujikuta amefungwa minyororo shimoni. Alabama ilikuwa jimbo la mwisho kuacha mtindo huo, mwaka 1928.

Kwa mtu aliyetoka huko, habari za mji wa milimani ambako mchimbaji mweusi alilipwa kwa tani bei ile ile aliyolipwa mweupe zilikuwa habari njema kweli. Mawakala wa kampuni walizieneza kwa siri. Wenye mashamba ya pamba hawakupenda kupoteza vibarua wao, na majimbo ya Kusini yalikuwa na sheria dhidi ya mtu anayeshawishi wafanyakazi wahame. Kwa hiyo wanaume waliondoka usiku, wakapanda treni, na nauli waliyotangulizwa ikakatwa kwenye mshahara wa kwanza. Mke na watoto walifuata baadaye, barua ikifika na pesa ndani.

Kazi ya shimoni

Migodi ya Lynch haikuchimbwa kwenda chini kama kisima. Makaa yalilala katika tabaka ndani ya mlima, nao wachimbaji waliingia kwa mlango ubavuni na kutembea au kupanda vibehewa hadi mahali pa kazi, maili kadhaa gizani. Mlango uliopewa namba 31, uliofunguliwa mwaka 1917, ndio mashuhuri kuliko yote.

Katika miaka ya mwanzo mashine ilikata mfuo chini ya ukuta wa makaa, mchimbaji akatoboa matundu, akatia baruti, akalipua, kisha akapakia kwa sepetu. Kila behewa lilining'inizwa kibati chenye namba ya aliyelijaza, na huko nje likapimwa. Aliyejaza mawe badala ya makaa alikatwa. Mtu alilipwa kwa tani alizopakia. Kusimamisha magogo ya kuzuia dari lisianguke, kuondoa maji na kusafisha njia ni kazi ambazo katika migodi mingi ya zama hizo hazikulipwa chochote, ingawa bila hizo hakuna anayetoka hai.

Hatari kubwa ya kila siku haikuwa mlipuko unaoandikwa magazetini. Ilikuwa jiwe. Bamba la mwamba lilidondoka kutoka darini bila onyo na kumuua mtu mmoja hapa, wawili pale, na zamu iliyofuata ikaingia. Hatari ya pili ilikuja polepole, kwa vumbi. Wachimbaji waliita maradhi hayo mapafu meusi, na kwa miaka mingi madaktari wa kampuni waliwaambia kuwa ni pumu tu. Ilihitaji mlipuko wa Farmington, West Virginia, uliowaua wachimbaji 78 mwezi Novemba 1968, na migomo iliyofuata, ili Bunge la Marekani lipitishe sheria ya mwaka 1969 iliyoweka kipimo cha vumbi na kuwalipa fidia wagonjwa. Wazee wengi wa Lynch sheria hiyo iliwakuta wakilala kwa kukaa, maana wakilala chali pumzi haiji.

Kampuni ilitoa, kampuni ilikata

Asiyekulia katika mji wa namna hii huuliza: kwa nini watu walivumilia? Jibu la wenyeji mara nyingi humshangaza, kwani wengi huikumbuka Lynch kwa upendo. Nyumba zilikuwa na umeme wakati jirani zao wa milimani wakitumia taa za mafuta. Daktari alikuwapo. Walimu walilipwa vizuri kuliko wa shule za kaunti, kwa sababu kampuni iliongeza juu ya mshahara wa serikali. Kulikuwa na uwanja wa besiboli na mashindano ya bustani. Kambi ndogo za kaunti ya Harlan, zilizomilikiwa na matajiri wasio na mtaji mkubwa, hazikuwa hata na nusu ya haya.

Yote yalilipiwa. Kabla mshahara haujamfikia mchimbaji, karatasi ya hesabu ilikuwa imeshakatwa kodi ya nyumba, umeme, daktari, na deni la Duka Kubwa. Aliyehitaji pesa kabla ya siku ya malipo alipewa sarafu za kampuni, vipande vya chuma vyenye nembo ambavyo dukani kwa kampuni vilikuwa pesa kamili na nje ya hapo havikuwa na thamani hiyo. Wapo waliofika siku ya malipo na kupokea karatasi bila senti.

Kifungo chenyewe kilikuwa nyumba. Mkataba haukuwa wa mpangaji na mwenye nyumba bali wa mwajiri na mwajiriwa, na kazi ilipokwisha, haki ya kukaa ilikwisha nayo. Mchimbaji aliyefukuzwa alipoteza siku hiyo hiyo mshahara, paa, daktari na shule ya watoto. Kampuni ilikuwa na askari wake, walioangalia nani anaingia mjini na nani anakutana na nani. Katika hali hiyo hakukuwa na haja ya kutisha watu kwa maneno makali. Kila mtu alijua.

Mstari wa rangi

Ndani ya mgodi giza liliwachanganya watu, na vumbi likawapaka rangi moja. Mchimbaji mweusi na mweupe walitegemeana kwa uhai, wakagawana maji na chakula. Walipotoka nje mstari ulirudi: vyumba vya kuogea vilitengwa, mitaa ilitengwa, makanisa yalitengwa, na viti vya sinema vilitengwa. Unyapara na kazi nyingi za ufundi juu ya ardhi ziliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Mweusi aliweza kuchimba miaka 30, akawafundisha kazi vijana weupe, kisha akawaona wakiwa wasimamizi wake.

Shule zilitengwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1904. Mwaka 1923 kampuni ikajenga shule ya watoto weusi, ambayo baadaye iliitwa West Main. Kampuni haikuwa na nia ya kuzalisha wasomi, lakini walimu walikuwa nayo. Walikuwa wahitimu wa vyuo vya watu weusi, na katika miaka ambayo mwalimu mweusi mwenye shahada hakuwa na milango mingi ya kubisha, Lynch ilipata walimu bora kuliko ilivyostahili. Walidai adabu, hesabu na vitabu. Akina mama wa mitaa hiyo walikuwa na shauri moja kwa wanao wa kiume: usiingie shimoni. Baba alichimba ili mtoto asichimbe.

Shauri hilo ndilo lililokuja kuumaliza mji. Ndilo pia lililouokoa, kama tutakavyoona.

Chama

Miaka ya 1930 iliipa kaunti ya Harlan jina baya. Mapema mwaka 1931 wenye migodi walipunguza mishahara kwa asilimia 10. Wachimbaji walipojiunga na chama cha United Mine Workers, walifukuzwa kazini na majumbani. Tarehe 5 Mei 1931 karibu na mji wa Evarts wachimbaji na walinzi wa migodi walifyatuliana risasi, wakafa walinzi watatu na mchimbaji mmoja. Waandishi wa habari wakaiita kaunti hiyo Harlan ya Damu. Ndiko ulikotoka wimbo wa Florence Reece unaoimbwa mpaka leo katika migomo kote Marekani.

Lynch ilipita kipindi hicho kwa njia yake. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kulipa vizuri kidogo na kuchunga vizuri zaidi. Baada ya sheria ya mwaka 1933 kuwapa wafanyakazi haki ya kujiunga na vyama, kukaibuka chama cha ndani ya mji kilichopendelewa na kampuni, ili kuzuia cha nje kisiingie. Sheria ya Wagner ya mwaka 1935 ikapiga marufuku vyama vinavyotawaliwa na waajiri. Mwaka 1937 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Robert La Follette ikaanika mbele ya taifa zima vitendo vya askari na masherifu waliolipwa na wenye migodi ya Harlan. Mwishoni mwa miaka ya 1930 United Mine Workers ilikuwa imesimama Lynch.

Kwa wachimbaji weusi chama hicho kilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa tangu kilipoasisiwa mwaka 1890 katiba yake haikumkataa mtu kwa rangi. Hakikuondoa ubaguzi, lakini kiliweka Wazungu na weusi katika mkutano mmoja, wakipiga kura moja.

Ushindi mkubwa zaidi ulikuja siku isiyotarajiwa. Migodi ya kampuni za chuma, Lynch ikiwamo, ilikuwa ikikataa kanuni kwamba kila mchimbaji awe mwanachama. Kiongozi wa chama, John L. Lewis, aliita mgomo mwaka 1941, na shauri likapelekwa kwa wasuluhishi. Uamuzi uliowapa wachimbaji haki hiyo ulitangazwa tarehe 7 Desemba 1941. Habari yake ilifunikwa na habari ya mabomu ya Japani huko Pearl Harbor.

Mwaka 1946 Lewis akapata jingine: kila tani itakayochimbwa itozwe senti tano kwa ajili ya mfuko wa afya na uzeeni. Mfuko huo ulijenga hospitali kumi milimani, mojawapo mjini Harlan, zikafunguliwa mwaka 1956. Kwa mara ya kwanza daktari hakuwa mtu wa kampuni.

Mwaka 1963

Wakati huo huo kazi zenyewe zilikuwa zikiyeyuka. Reli zilikuwa zimehamia kwenye dizeli, majumba yakapashwa moto kwa mafuta na gesi, na mashine mpya ilikata na kupakia makaa kwa mkupuo mmoja, ikifanya kazi ya watu wengi. Kati ya mwaka 1950 na 1960 idadi ya wachimbaji wa makaa Marekani ilipungua kwa zaidi ya nusu. Lewis mwenyewe aliukubali uchimbaji wa mashine, akiamini wachache wanaolipwa vizuri ni bora kuliko wengi wenye njaa. Walioachishwa wa kwanza mara nyingi walikuwa weusi, maana wengi wao walikuwa wapakiaji wa sepetu.

Kampuni haikuhitaji tena mji. Nyumba tupu hulipiwa kodi ya serikali na bado huvuja. Basi ikaanza kuwauzia wakazi nyumba walizopanga, na kubomoa zilizokosa mnunuzi. Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. U.S. Steel ilikula na Lynch miaka mingi, na ulipofika wakati wa kufa kila mmoja akachukua njia yake.

Mwaka 1963 mambo matatu yalitokea. Mlango namba 31 ulifungwa baada ya miaka 46. Lynch ikasajiliwa kuwa mji unaojitawala, wenye meya na baraza waliochaguliwa na wakazi. Na shule ya West Main ikafungwa, miaka tisa baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku shule za ubaguzi, watoto wake wakahamishiwa shule iliyokuwa ya Wazungu. Kisheria mawili ya mwisho yalikuwa hatua za mbele. Lakini wazazi weusi waliona wanafunzi wao wakihama huku walimu wao, waliowalea vizazi viwili, wakikosa nafasi. Shule waliyoikuza kwa jasho na nidhamu ikawa jengo tupu.

Uchimbaji uliendelea katika milango mingine. Mwaka 1976 mgodi wa Scotia katika kaunti ya Letcher ulilipuka mara mbili ndani ya siku tatu na kuua watu 26, na hofu ikarudi katika kila nyumba ya bonde. Mwaka 1984 U.S. Steel iliuza migodi yake ya Lynch kwa kampuni ya Arch Mineral na kuondoka kabisa. Shule ya sekondari ya Lynch nayo ilikuwa imefungwa kabla ya hapo. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu 747.

Mji usio na mipaka

Kwa hesabu za kawaida historia ingeishia hapo, kama ilivyoishia kwa kambi nyingi za Appalachia zilizogeuka vichaka. Lynch ilikwenda tofauti kwa sababu ya wale watoto walioambiwa wasiingie shimoni.

Waliondoka kwa maelfu, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwenda Cleveland, Detroit, Chicago, Louisville na kwingineko. Walifanya kazi viwandani, walifundisha, waliingia jeshini, walisoma vyuo vikuu. Huko walikutana na watu weusi waliotoka Mississippi na Georgia, na wakajikuta wana historia isiyofanana nao: wao walikuwa watoto wa wachimbaji, watu wa milimani, ambao watazamaji wa televisheni walidhani wote ni Wazungu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wale wa Cleveland wakaanzisha chama cha kijamii cha watu wa mashariki ya Kentucky, Eastern Kentucky Social Club. Mwaka 1970 wakaitisha mkutano wao mkubwa wa kwanza, nao umekuwa desturi. Kila mwanzo wa Septemba, wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, wanakutana katika mji mmojawapo wenye tawi. Mwishoni mwa Mei, siku za kuwakumbuka marehemu, wengi hurudi Lynch kusafisha makaburi, kula pamoja na kuwaonyesha wajukuu mlango ambao babu aliingilia.

Tawi la Lynch lina makao katika jengo la shule ya zamani ya weusi. Waliosoma pale ndio walioinusuru.

Kumbukumbu hiyo imeandikwa pia. William Turner, mwanasosholojia aliyezaliwa Lynch mwaka 1946, mtoto wa mchimbaji, alichapisha mwaka 2021 kitabu *The Harlan Renaissance*. Karida Brown, mwanasosholojia mwenye asili ya Lynch, alizunguka miji ya Marekani akiwarekodi wazee, na mwaka 2018 akatoa *Gone Home*. Kanda, picha na barua alizokusanya zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ili mali ya familia iwe pia ya historia.

Bondeni kwenyewe, Mlango namba 31 umekuwa mgodi wa maonyesho tangu mwaka 2009. Mgeni hupanda kigarimoshi na kuingia ndani, akaelezwa jinsi kazi ilivyobadilika kizazi hadi kizazi. Jirani mjini Benham, lililokuwa duka la International Harvester sasa ni jumba la makumbusho ya uchimbaji wa makaa. Mwaka 2017 lilifungiwa paneli za umeme wa jua ili kupunguza gharama, na magazeti ya nchi nyingi yakacheka. Watu wa hapo hawakuona cha kuchekesha. Wamezoea kutumia kinachopatikana.

Lynch ilijengwa kwa shabaha moja, kulisha tanuri za mwenyewe, na kampuni ilipima kila kitu kwa shabaha hiyo. Ilifanya mema ambayo serikali ya jimbo haikuyafanya, na ikayatumia mema hayo kuwafunga watu. Zote mbili ni kweli, na anayeandika moja bila nyingine anaandika tangazo au mashtaka, si historia. Lakini wachimbaji hawakuifanya Lynch taasisi kwa majengo ya mawe. Waliifanya kwa kuzikana, kusomesha watoto, kupiga kura chamani na kurudi kila mwaka hata baada ya kazi kwisha.

Msomaji uliyekulia katika nyumba za kampuni, uwe ulitoka mgodini, shambani au relini, una kazi ya kufanya. Wapo wazee wanaokumbuka namba za nyumba, majina ya manyapara, bei za dukani na walikozikwa wenzao. Waulize sasa, uandike, na uhifadhi mahali ambapo wajukuu watapata. Kampuni ikiondoka huchukua daftari zake. Haitakuandikia za kwenu.